Kamba ya Mita Hamsini

Stoo ya shamba, 9 Januari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na mengine tunayameza. Mama anakusalimu sana. Magoti yamemlegea tangu mwezi uliopita ila ulimi uko imara: jana kanigombeza kwa kutia chumvi kidogo, leo kanigombeza kwa kutia nyingi. Binti yangu kaanza chuo cha ushonaji na sasa hakuna pazia nyumba hii ambalo halijapitiwa na mkasi. Wifi hajambo? Mwambie gauni alilonishonea limenikaa, isipokuwa mikono, nadhani aliipima kwa kukisia. Na mwanao yule kibogoyo, meno ya mbele yameota? Shangazi yake anauliza.

Haya, sasa keti kwanza.

Bosi wangu Miwani anafungua tena uwanja wa ndege. Ndiyo, ule ule. Miaka mitatu nyasi zimesimama hadi kiunoni na mimi napita pembeni kwenda stoo bila kugeuza shingo. Wiki iliyopita kaleta trekta la kufyeka. Mawe ya pembeni yamepakwa chokaa upya na kile kimfuko cha kuonyesha upepo kimetundikwa tena. Anasema matunda yake yanaozea barabarani, sasa anataka ndege. Maombi yameshakuja ofisini kwenu, karani kanionyesha nakala.

Unajua alichotufanyia. Mwewe wetu alipogonga ile mikaratusi na ndege yake, hata hatujamzika, mtu huyu alisimama mbele ya wachunguzi akasema rubani alikuwa ananuka pombe asubuhi ile. Kitinda mimba wetu, aliyekunywa chai mezani kwangu, vikombe viwili, akainuka akaenda kazini. Mwili ulishaungua, nani angepima? Likaandikwa neno la Miwani. Tangu siku hiyo Mama haendi harusini wala msibani. Anasema watu wakinong'ona anajua wanachonong'ona.

Wewe ndiye unayeamua uwanja upi unafaa na upi haufai. Sitaki samahani yake, abaki nayo. Nataka umwandikie kwamba haufai, apande viazi pale, na kila akichungulia dirishani aone viazi. Na unijibu kwa barua. Simu ya hapa mpaka upande mlimani, na huko masikio ni mengi. Dereva wa lori la matunda ni mtu wangu, ataniletea.

Ni mimi dada yako mkubwa, nisiyelala vizuri.


Ofisi ya ukaguzi, ghorofa ya tatu, 30 Januari

Dada,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama mikononi. Barua yako ilisafiri siku tisa, mtu wako wa lori anasema gia zilimsaliti njiani. Huku hatujambo. Wifi yako anakiri kosa la mikono, lakini anasema ni wewe uliyekataa kusimama upimwe. Kibogoyo kaota jino moja na anamfungulia mdomo kila mgeni, hata asiyeomba kuona.

Jalada ninalo. Halikuwa langu, lilikuwa la mwenzangu wa meza ya pili. Nilimwambia nimechoka na vumbi la mjini, nataka hewa ya shamba, tukabadilishana. Sikumwambia mkuu wangu kwamba marehemu ni ndugu yangu. Mwewe alitumia jina la baba, mimi la babu, hivyo hakuna aliyeshtuka. Hilo pekee linatosha kunifukuzisha kazi, kwa hiyo ukishasoma barua hii iwashie moto wa jikoni, na mimi zako nitazichoma.

Usinifundishe chuki, Dada. Miaka mitatu nakagua viwanja vya watu, na kila nikifika mwisho wa nyasi naitazama miti kwanza. Namtaka yule bwana kuliko unavyomtaka wewe. Lakini nikiandika "haufai" bila sababu atakata rufaa, ataletwa mkaguzi mwingine, na mimi nitaonekana mwongo mwenzake. Nitampata kwa vipimo. Uwanja mfupi wa nyasi hauna maswali mengi: una urefu gani kweli, unateremka wapi, ardhi inashika au inazama, nyasi zina kimo gani, na mwishoni kuna nini kimesimama. Kwenye nyasi mbichi ndege huchelewa kuinuka kuliko kwenye lami, na ikibeba mzigo huchelewa zaidi. Mahali fulani hapo Miwani amedanganya.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Daftari la Mwewe lilirushwa nje, halikuungua, ninalo mimi. Ukurasa wa mwisho kaandika, mwandiko umetulia kabisa: "Uwanja 600. Nyasi mbichi, mzigo kamili, nahitaji 560. Inatosha." Mlevi hapigi hesabu hivyo. Sasa kama inatosha, alifikaje kwenye miti? Ndani ya jalada nimekuta karatasi ya usajili, imeandikwa mita mia sita, na chini yake Miwani kaandika kwa mkono wake "Nimepima mwenyewe", akatia saini. Wachunguzi walikuta uwanja umejaa maji, wakachukua urefu wa kwenye karatasi wakaenda zao.

Nakuja katikati ya Machi. Wewe ndiye mtunza stoo, hakuna kinachotoka usikijue. Unakumbuka alipima na nini?

Mdogo wako, anayehesabu siku.


Stoo ya shamba, 18 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kaipokea shikamoo yako akaniuliza mbona imekuja peke yake, mwenyewe uko wapi. Nimemwambia unakuja. Tangu hapo kafua shuka zote, hata zilizo safi. Binti yangu kakushonea shati, usilicheke kola yake mbele yake.

Daftari lile umekaa nalo miaka mitatu bila kuniambia. Haya, kila mtu na kabati lake.

Sikiliza. Ukija usijifanye unanijua mbele ya Miwani. Utaniona stoo na mimi nitakuona kama mgeni wa serikali. Na usiwe na wasiwasi kuhusu ardhi. Ule upande wa chini, kwenye mikaratusi, siku hizi asubuhi nafungua kidogo lango la mfereji kabla watu hawajaja. Maji yanajipitia yenyewe. Ukifika utaikuta inazama mpaka kwenye kifundo cha mguu, na wewe utaandika ulichokiona. Hutakuwa umesema uongo.

Usinitazame hivyo, najua umekunja uso. Miwani alimuua ndugu yetu mara mbili, kwanza kwa uwanja wake, halafu kwa mdomo wake. Mimi kumwagilia nyasi ni kosa gani?

Njoo na viatu vya matope.

Dada yako.


Ofisi ya ukaguzi, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Shati nimelivaa ofisini, wenzangu wameisifu kola kwa sura zilizobana kicheko, mwambie binti yako wameisifu tu. Mama alivyonishika mkono nilipoondoka, bado nausikia. Kapungua, Dada. Aliniambia sikioni, "Waambie hakunywa." Hakuomba kingine.

Sasa kazi. Maji yako yalinilowesha mimi, si Miwani. Nilizama hadi magotini huku mvua haijanyesha wiki tatu, na mkaguzi yeyote mwenye macho angeufuata mfereji mpaka langoni. Sitaliandika hilo. Nililazimika kuja kwako mchana kufua suruali, nikajidai naomba maji ya kunywa. Lango ulifunge na usilifungue tena. Kwingine kote nilichoma nondo na ardhi ilikataa. Nikakimbiza pikapu toka jiwe la kwanza hadi la mwisho, mwendo wa kilomita sitini kwa saa, kichwa hakikugusa paa. Mteremko ni mdogo. Nyasi vidole vinne. Nimeandika yote hayo huku nikisaga meno, kwa sababu ni uwanja mzuri.

Isipokuwa urefu. Nimepima na futi ya chuma, kwenda na kurudi. Mita mia tano ishirini na nane.

Soma tena. Zinapungua sabini na mbili. Mwewe alihitaji mia tano sitini, akadhani ana arobaini za ziada. Alikuwa timamu, alipiga hesabu sawasawa, akaamini namba ya mtu.

Miwani alinifuata na gari siku nzima, kioo kimeshushwa, akinisimulia marubani walevi. Nilipomtajia namba alizima injini. Halafu akasema haiwezekani, kamba yake ni ya mita hamsini, ilinunuliwa mpya, na ilinyooshwa mara kumi na mbili. Nikamuuliza nani aliyeinyoosha. Nikaona anataka kusema jina, kisha akakumbuka saini yake. "Mimi mwenyewe," akasema. Nikamwambia arudie ili niandike, na nikaandika mbele yake. Tumempata, Dada. Nilirudi njia nzima nikiimba peke yangu ndani ya gari, kwa sauti yangu mbaya unayoijua.

Lakini yule bwana hajawahi kushuka garini nyasi zikiwa na umande. Hukunijibu alipima na nini, sasa nakuuliza: nani alishika kamba?

Mdogo wako.


Stoo ya shamba, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilimsomea Mama ule mstari wa "alikuwa timamu". Akaomba nisome tena, halafu akaniambia nimletee viatu vyake vya kutokea. Hakwenda popote. Alivivaa akakaa navyo.

Miwani hali chakula. Mpishi wake anasema anapiga simu toka asubuhi, na kila anayempigia anamwuliza swali hilo hilo, kwani ulipima mwenyewe? Nimefurahi mpaka naona aibu. Juzi alipita stoo akanikuta nahesabu majembe, akanitazama kama mtu mwenye neno kooni. Nikamwambia shikamoo bosi. Akaondoka.

Kaza kamba hapo hapo, usilegeze. Aliandika kwa mkono wake. Mtu akishajulikana kafa kwa uongo wa nani, ya nini tena kutafuta nani alishika hiki na nani alishika kile? Mvua zimeanza, stoo inavuja, nina kazi nyingi.

Dada yako.


Ofisi ya ukaguzi, 25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kamba ya Miwani iko stooni kwako, nyuma ya majembe. Niliishika nilipokuja. Mwisho wake mmoja umefungwa waya wa shaba ili usifumuke, kama inavyotoka dukani. Mwisho wa pili hauna waya, umepigwa fundo tu.

Suruali yangu niliianika uani kwako. Kamba yako ya kuanikia nguo ina waya wa shaba mwisho mmoja. Ulipokuwa jikoni unachemsha chai nilitoa futi mfukoni. Mita sita. Mara kumi na mbili ni sabini na mbili.

Nimekaa na jambo hili toka Machi nikingoja uniambie mwenyewe. Usiniandikie habari za Miwani. Nijibu neno moja tu: ulijua?


Stoo ya shamba, 30 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Wengine pia hawajambo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Dereva wa lori kaja kila wiki akiuliza kama nina kitu cha kutuma, namwambia bado.

Mwaka ule Mama aliumwa tumbo mwezi mzima, unakumbuka, shuka zilikuwa zinafuliwa mara tatu kwa siku na sina pa kuanika. Kamba mpya ilikuwa stoo, imekaa haina kazi. Nikakata kipande. Nilisema nitaandika kwenye kitabu cha stoo, sikuandika. Hapa mtu anafukuzwa kwa kupotea msumari mmoja.

Baada ya wiki mbili Miwani akasema uwanja upimwe. Hakushuka garini, hilo ulilijua. Tulipima mimi na mfyeka nyasi, Mungu amrehemu, yeye mbele mimi nyuma. Sikukumbuka chochote mpaka tulipofika kamba ya saba. Mkono wangu ulishika lile fundo, nikalitazama, nikakumbuka. Mawingu yalikuwa yamefunga, Miwani anapiga honi anataka namba. Nikawaza nitasemaje mbele ya huyu mtu kwamba nimekata kamba yake. Tukaendelea hadi ya kumi na mbili. Nikasema mia sita. Nikajiambia wiki ijayo nitatafuta namna ya kusahihisha.

Wiki ikapita, na nyingine. Ndege zikawa zinakuja nyepesi, zinapaa, hakuna neno. Nikaona basi, imekwisha.

Sikujua watampanga Mwewe. Alikuja kwangu asubuhi na yale makelele yake, kakaa mezani, katoa daftari. Nilikuwa nammiminia kikombe cha pili. Akaniuliza, "Dada, wewe uko hapa kila siku, ni mia sita kweli?" Alikuwa anacheka.

Nikamwambia, "Kweli, mia sita."

Umeuliza neno moja, na hilo ndilo. Nilijua. Pombe ile Miwani aliitunga na kwa hilo namchukia mpaka leo, sijakudanganya. Lakini nilimchukia kwa nguvu ili pasibaki nafasi ya mtu mwingine.

Fanya utakavyo. Ukiniambia nimwambie Mama, nitamwambia. Nakuomba usiniambie hivyo.

Dada.


Ofisi ya ukaguzi, 21 Agosti

Taarifa imetoka, nakueleza ilivyo.

Miwani aliapa kwa saini kwamba alipima mwenyewe, na akarudia mbele yangu. Amenyang'anywa kibali na hataruhusiwa tena kumiliki wala kuendesha uwanja wa ndege. Jalada la ajali limefunguliwa upya na safari hii yeye ndiye anayejibu. Hawezi kukutaja wewe bila kukiri kwamba saini ni ya uongo, na wakili wake amemkataza. Daftari la Mwewe limo ndani ya jalada. Neno la pombe limefutwa. Mama atapata barua yenye mhuri, isomwe kwa sauti mbele ya watu, mlango ukiwa wazi. Hivyo ndivyo tulivyotaka, wewe na mimi.

Hakutapandwa viazi. Uwanja unafaa kwa ndege ndogo, wakati wa ukavu, bila mzigo kamili, kwa urefu wake wa kweli. Nilitafuta sababu ya kuufunga nikakosa. Umepewa chama cha wakulima wa jirani. Kila uwanja wa aina hii lazima uwe na mtunzaji wake, na nimependekeza mtunza stoo wa shamba, mwenye uzoefu. Wamekubali.

Tarehe mosi ya kila mwezi, mvua au jua, utapima kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho, upande wa mikaratusi. Utaandika urefu, na chini yake utaandika "Nimepima mwenyewe", utie saini, unitumie. Ni mimi ninayepokea. Mwezi mmoja ukiruka, nitakuja kwa Mama.

Dereva atakupa kifurushi. Ni futi ya mita hamsini, ya chuma. Kisu hakiikati.

Nilisema nitachoma barua zako. Hiyo ya Julai sijaichoma.

Mkaguzi.


Uwanjani, 1 Oktoba

Mita mia tano ishirini na nane. Nimepima mwenyewe.

Mama alivaa viatu vyake Jumapili akatoka, kaenda kwenye harusi ya jirani, karudi anacheka. Anauliza mbona siku hizi barua zako haziji na salamu. Nimemwambia una kazi nyingi.

Ameniamini.